Dhahabu Hupimwa, Alizeti Hukadiriwa

(Haya ni mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu wasikilizaji, mwangaluka! Hiyo ndiyo salamu ya asubuhi ya Wasukuma, na nimeanza nayo kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yanatupeleka Shinyanga na Geita. Najua kwamba wengi mnaonisikiliza mko mijini, na jambo la shamba mnaliona liko mbali nanyi. Lakini nawaomba msizime redio. Jambo lenyewe liko jikoni kwenu, ndani ya dumu la mafuta ya alizeti. Pengine mwezi uliopita mlilifungua dumu hilo mkakuta mafuta yamechacha, mkamlaani muuzaji. Labda alistahili laana hiyo, labda hakustahili. Hebu tutazame.

Tuanzie Geita mjini. Machi 2019 lilifunguliwa pale soko la madini, la kwanza la aina yake katika nchi yetu. Mchimbaji mdogo anayetoka Nyarugusu au Lwamgasa na kipande cha dhahabu kisichozidi punje ya hindi, akiingia sokoni hukuta mizani inayopima hata sehemu ndogo ya gramu. Baada ya mizani, ipo mashine inayosoma katika kipande kile dhahabu tupu ni kiasi gani, na kiasi gani ni fedha au shaba. Ndipo bei ya siku hiyo ya dunia inatazamwa, hesabu inapigwa, na mtu analipwa kwa kile alicho nacho hasa. Hakuna mnunuzi anayeruhusiwa kuuma kipande kwa meno na kusema, "Hiki nakupa kadhaa, ukitaka chukua, hutaki acha."

Sasa toka hapo, shika njia ya Katoro na Ushirombo mpaka ufike Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Nenda mahali panaponunuliwa alizeti wakati wa mavuno. Utamkuta mzee ameketi juu ya magunia yake. Mnunuzi anakuja, anamwamkia mzee kwa heshima zote, "Shikamoo baba," kisha anachovya mkono katika gunia, anatia mbegu mbili tatu mdomoni, anatafuna, anatema maganda na kutaja bei. Mzee akiuliza kwa nini bei hiyo, jibu ni kwamba ndiyo bei ya gunia. Gunia la nani? La mwaka gani? Limejaa nini? Hayo hayamo katika mazungumzo. Basi ukanda ule ule wa machimbo, ambako watu wamejifunza kupima kila chembe ya jiwe, unauza alizeti kwa kukadiria.

Ndugu wasikilizaji, gunia moja la alizeti na jingine si sawa, hata kama yote mawili yametoka katika mbegu ya aina moja. Yanatofautiana katika mambo matatu.

La kwanza ni wingi wa mafuta. Mbegu ya alizeti ina ganda na kiini, na mafuta karibu yote yamo katika kiini. Mbegu nzuri ya kukamulia, iliyolelewa vizuri, huwa na mafuta asilimia 40 au zaidi ya uzito wake. Mbegu ya ukoo huo huo iliyopata taabu shambani hushuka mpaka asilimia 30 na kitu, kwa sababu kiini kimesinyaa na ganda limebaki na ukubwa wake.

La pili ni aina ya mafuta yenyewe. Katika alizeti ya kawaida, takriban sehemu tisa kati ya kumi za mafuta ni asidi mbili. Moja huitwa oleiki, na ndiyo iliyojaa katika mafuta ya zeituni. Nyingine huitwa linoleiki. Hii ya pili mwili wa binadamu unaihitaji na hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo si adui. Kasoro yake ni kwamba hushikana na hewa upesi zaidi, na hapo ndipo mafuta huchacha. Tume ya Codex, ambayo ni chombo cha mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, inakubali kwamba mafuta ya alizeti ya kawaida yanaweza kuwa na linoleiki kuanzia asilimia 48 hadi 74, na oleiki kuanzia asilimia 14 hadi 39. Tazameni nafasi iliyopo hapo. Dumu mbili zinaweza kuandikwa jina moja, zote zikawa halali, na moja ikakaa miezi mingi ambapo nyingine inaanza kunuka mapema.

La tatu ni uzima wa mbegu: kama ilikauka vizuri, kama haikuota ukungu, kama haikukaa na unyevu ghalani.

Mambo hayo matatu yanatoka wapi? Mbegu ina sehemu yake, na nitaigusa kidogo. Alizeti ni mmea wa Amerika ya Kaskazini, ambako wenyeji waliulima kabla mzungu hajafika. Wahispania waliupeleka Ulaya katika karne ya 16, na Warusi ndio walioufanya kuwa zao kubwa la mafuta. Kule Krasnodar mtaalamu wao Pustovoit alichagua mbegu mwaka hadi mwaka mpaka mafuta yakapanda kutoka karibu theluthi ya uzito wa mbegu hadi kukaribia nusu. Hapa kwetu aina iliyoenea zaidi kwa muda mrefu ni Record, yenye asili ya Romania. Ni mbegu inayovumilia, lakini wakulima wengi huirudia msimu baada ya msimu. Nyuki huichanganya na ya jirani, na sifa zake hupungua kidogo kidogo. Hata hivyo, mbegu bora peke yake haitoshi. Hali ya hewa na rutuba ya udongo ndivyo vinavyoamua kama ahadi ya mbegu itatimizwa.

Tuanze na mvua. Shinyanga kwa kawaida hupata mvua kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka. Geita, iliyo karibu na Ziwa Victoria, hupata zaidi. Mvua za Shinyanga huanza kama Novemba na kuisha Aprili au Mei, na katikati, Januari au Februari, mara nyingi hukatika kwa wiki kadhaa. Wakulima wanaufahamu mkatiko huo kuliko sisi wa mjini. Alizeti ina mizizi mirefu na hustahimili ukame kuliko mahindi, ndiyo maana husifiwa. Lakini sifa hiyo imewapotosha watu. Kustahimili si kutodhurika. Tangu kitumba cha ua kinapotokea mpaka wiki nne hivi baada ya ua kufunguka, mmea huu unataka maji. Siku hizo ndizo mbegu inapotunga na kiini kinapojazwa mafuta. Jua likikausha udongo wakati huo, shamba kwa mbali litaonekana zuri, vichwa vimeinama kama kawaida, lakini ukipiga vichwa utapata maganda mengi na viini vyembamba. Anayechelewa kupanda hukumbwa na hayo hayo, maana mvua humwacha njiani mbegu zake zikiwa bado hazijajaa.

Mvua ikizidi nayo ina madhara yake. Ikinyesha mfululizo wakati wa maua, nyuki hawatoki mizingani, na ua lisilotembelewa na nyuki hutoa mbegu nyingi tupu. Watu wa Bukombe na Kahama ni warina asali wa siku nyingi, nao watawaambia kwamba mzinga karibu na shamba la alizeti ni faida mara mbili.

Kisha kuna joto, na hapa ndipo penye jambo ambalo mimi mwenyewe nilipolisoma lilinishangaza. Mbegu ya alizeti inapojaza mafuta, hutengeneza kwanza asidi ya oleiki. Halafu kimeng'enya kilichomo ndani ya mbegu huibadili sehemu ya oleiki hiyo kuwa linoleiki. Kimeng'enya hicho hufanya kazi zaidi kukiwa na baridi, na hulegea kukiwa na joto. Watafiti wa Argentina, ambako alizeti ni zao kubwa, wameonyesha kwamba joto la usiku ndilo lenye nguvu zaidi katika jambo hili. Kwa hiyo mbegu ile ile ya kawaida, ikijazwa katika usiku wa baridi wa Njombe, itaelekea kuwa na linoleiki nyingi. Ikijazwa katika usiku wa joto wa tambarare itaelekea kuwa na oleiki zaidi, na mafuta yake yatachelewa kuchacha. Kwa maneno mengine, usiku wa joto unaomnyima usingizi mkulima ndio unaoyapa mafuta maisha marefu. Lakini joto la mchana likiwa kali mno na udongo ukiwa mkavu, kiasi cha mafuta hupungua. Hali ya hewa inatoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Zipo pia mbegu ambazo hazitikiswi sana na joto wala baridi, zenye oleiki nyingi kwa asili yake. Ukoo wake ulianzishwa na Warusi katika miaka ya 1970, na leo unalimwa katika nchi nyingi.

Jambo la mwisho la hali ya hewa ni mvua ya kuchelewa. Mgongo wa kichwa cha alizeti ukigeuka kutoka kijani kuwa manjano na kuanza kahawia, kazi ya mbegu imekwisha. Kinachobaki ni kukauka. Mvua ikija hapo, kichwa kilichoinama hushika maji kama sifongo, ukungu huingia, na mafuta ndani ya mbegu huanza kuvunjika na kutoa asidi huru, ambayo ndiyo inayokwaruza koo. Katika msimu wa 2023/24, ule wa El Nino, nchi yetu ilipata mvua nyingi kupita kiasi sehemu mbalimbali. Wazee walikumbuka El Nino ya 1997/98. Mvua za namna hiyo humlazimisha mkulima kuvuna haraka, akatia magunia ghalani mbegu ambazo mkononi zinaonekana kavu, kumbe bado. Wataalamu wanashauri unyevu wa mbegu usizidi asilimia 9 hivi. Mkulima wa kawaida hana kipimo hicho. Anauma mbegu, kama mnunuzi wake.

Ndugu wasikilizaji, tumesema vya kutosha juu ya mbingu, sasa tushuke ardhini. Wasukuma wana elimu ya udongo ambayo haikutoka chuoni. Juu karibu na majabali kuna kichanga wanachokiita luseni. Chini yake kuna itogolo, udongo unaokaza kama sakafu. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika nchi zetu hizi, aliieleza dunia mpangilio kama huo wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni, na hadi leo unafundishwa vyuoni. Alizeti nyingi hupandwa katika luseni, kwa sababu ni rahisi kulima. Lakini luseni ni maskini. Mvua huipitia kama chujio na kuondoka na rutuba.

Hapo ndipo mbolea inapoingia, na hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika. Kwanza, mashamba mengi ya alizeti nchini hayatiwi mbolea kabisa. Imezoeleka kusema kwamba alizeti haihitaji mbolea, ati hujilisha yenyewe. Kweli hujilisha, kwa kuichimba ardhi, na anayepanda mahindi mwaka unaofuata ndiye anayelipa deni.

Pili, wachache wanaotia mbolea mara nyingi hutia urea peke yake, kwa sababu majani hubadilika kuwa kijani kibichi ndani ya siku chache na roho ya mkulima hufurahi. Urea ni naitrojeni, asilimia 46. Naitrojeni ni chakula cha lazima, na shamba lililo na njaa likipewa kiasi chake mavuno hupanda. Lakini ikizidi, mbegu huelekeza nguvu zake katika protini, na sehemu ya mafuta hupungua. Mmea hurefuka, huanguka kwa upepo, huchelewa kukomaa na hukaribisha magonjwa. Hesabu yake si nyepesi: magunia yanaweza kuongezeka na mafuta ya shamba zima yakaongezeka, huku mafuta ya kila gunia yakipungua. Na kwa kuwa gunia linauzwa kwa kukadiriwa, mkulima hana sababu ya kujali tofauti hiyo. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Tatu, kuna virutubisho vinavyosahauliwa. Fosforasi huimarisha mizizi na kusaidia mbegu kujaa, na nchi yetu inayo machimbo yake ya fosfeti kule Minjingu, mkoani Manyara. Salfa ni kirutubisho ambacho mazao ya mafuta huyahitaji sana. Ile mbolea ya zamani tuliyoizoea kwa jina la SA ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, lakini watu waliiacha kwa kuona urea ina nguvu zaidi. Na kuna boroni, ambayo alizeti huihitaji kidogo sana, lakini ikiikosa, kama inavyotokea katika vichanga, kichwa hukua kombo, shingo hupasuka, na mbegu za katikati hubaki tupu. Ukikuta kichwa cha namna hiyo, usikimbilie kusema kimerogwa.

Dawa iliyo karibu ni ipi? Usukumani ni nchi ya ng'ombe. Samadi ina karibu kila kirutubisho nilichokitaja, kwa kiasi kidogo kidogo, na zaidi ya hapo huufanya mchanga ushike maji. Yaani samadi hutibu udongo, na pia hupunguza makali ya ule mkatiko wa mvua wa Januari. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilifanya majaribio ya samadi na ya matuta yaliyofungwa tangu enzi za ukoloni, na kuona faida yake katika pamba. Bahati mbaya mkoloni aliyaleta matuta kwa amri na faini, na watu wakayachukia pamoja na aliyeyaleta. Lakini tuta lililofungwa huzuia maji ya mvua yasikimbie, na elimu haiharibiki kwa sababu aliyeileta alikuwa na kiboko.

Sasa turudi kwenye gunia. Tuchukue mfano mwepesi. Magunia mawili, kila moja kilo 60. La kwanza limetoka kwa mkulima aliyepanda mapema, akatia samadi na mbolea ya kiasi, akavuna kikavu. Mbegu zake zina mafuta asilimia 40. La pili limetoka kwa mwenzake, nalo lina asilimia 32. Katika la kwanza kuna kilo 24 za mafuta. Katika la pili kuna kilo 19 na kidogo. Mashine zetu ndogo za kukamua haziyatoi yote, mengine hubaki katika mashudu, lakini tofauti ya magunia haya mawili ni karibu kilo 5, yaani lita 5 na zaidi kidogo. Lita tano, ndugu zangu! Zidisha kwa magunia mia. Wakulima wote wawili wamelipwa sawa. Lita tano za yule aliyejitahidi zimekwenda kwa mwingine.

Nani anazipata? Mwenye mashine anayejua gunia lipi limetoka wapi, na dalali aliyekwisha zoea kuonja. Sisemi kwamba wao ni wezi. Soko lisilo na kipimo humlipa anayejua, nalo humnyima anayetenda. Na mkulima si mjinga. Akiona samadi aliyoibeba kwa mkokoteni haikumwongezea hata senti katika bei ya gunia, mwaka unaofuata hataibeba. Atavuna mapema mbegu zikiwa na unyevu, kwa sababu unyevu nao una uzito. Kisha kijana wake ataona ni afadhali aende Lwamgasa akachimbe, maana kule angalau akipata kitu kitapimwa. Ndivyo nguvu kazi ya mashamba inavyoondoka, na ndivyo mafuta mabaya yanavyozaliwa kabla hayajafika sokoni kwenu.

Kipimo kinawezekana? Wenzetu wa Marekani, katika majimbo ya Dakota, wamekuwa wakilipa alizeti kwa mafuta yaliyomo. Mbegu zikiwa na mafuta zaidi ya asilimia 40, kila asilimia moja inayozidi humwongezea mkulima asilimia mbili ya bei, na zikipungua bei hupungua. Mtaniambia kwamba hao ni matajiri. Haya, tuje nyumbani. Shinyanga imelima pamba tangu enzi za babu zetu, na kila mtoto wa kule anajua tofauti ya pamba safi na pamba fifi. Pamba zilitengwa mafungu mawili, na bei mbili, kule kule kijijini. Kwa nini watu waliokubali kuchambua pamba kwa vidole washindwe kutenga alizeti?

Kuna jambo zito kuliko bei. Mbegu zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu. Tunalijua jina hilo kwa uchungu, maana mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa mahindi. Mwaka 2017 watafiti wa Tanzania na Marekani walichapisha matokeo yao baada ya kupima mbegu na mashudu ya alizeti kutoka kwa wakamuaji wadogo nchini, nao waliikuta sumu hiyo katika baadhi ya sampuli. Sumu hii haipendi sana kukaa katika mafuta, nyingi hubaki katika mashudu. Lakini mashudu wanakula ng'ombe na kuku, na maziwa tunakunywa sisi. Tena mafuta yasiyochujwa vizuri hubeba chembechembe za mashudu. Basi mvua ya kuchelewa iliyonyesha juu ya kichwa cha alizeti inaweza kufika katika kikombe cha mtoto aliye mjini ambaye hajawahi kuliona ua lenyewe.

Na tusidhani kwamba tutakimbilia mafuta ya nje siku zote. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya mafuta ya kula ya nchi hii yametoka nje, mengi yakiwa mawese ya Asia. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza wakati huo kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, bei ilipanda mpaka mama lishe wa Kariakoo akajua Ukraine iko wapi. Wakulima wetu waliitikia, wakapanda. Mwaka 2023 bei ya alizeti ikaanguka, na wengi wa Singida na Dodoma wakabaki na magunia na majuto. Mkulima anayeuza kitu kisichopimwa ndiye wa kwanza kuanguka bei inapoanguka, kwa sababu hana sifa ya kujitetea nayo. Mwenye mafuta asilimia 40 na karatasi inayosema hivyo angekuwa na neno la kusema.

Kwa hiyo napendekeza nini? Kwanza, alizeti inunuliwe kwa kilo, katika mizani iliyokaguliwa, na lumbesa ikomeshwe kwa vitendo. Pili, kila chama cha ushirika kinachokusanya alizeti kiwe na kipimo cha unyevu. Chombo hicho hutoshea mkononi. Tatu, kabla ya kupanga bei ya kijiji, sampuli zikamuliwe mbele ya wenyewe, watu waone kwa macho yao lita zinazotoka, na magunia yatengwe mafungu mawili, safi na fifi, kama pamba. Vipimo vya maabara vitafuata. Sheria ya stakabadhi za maghala tunayo tangu mwaka 2005, na ghala linalotoa stakabadhi bila kujua ubora wa kilichomo ni stoo tu. Nne, bwana shamba, ambaye siku hizi tunamwita afisa ugani, asiishie kusema "tieni mbolea". Aseme ipi, kwa udongo upi, na wakati gani.

Na wewe mnunuzi wa mjini unayo sehemu yako. Usinunue mafuta yaliyopangwa barabarani juani katika chupa nyeupe, hata kama rangi yake inang'aa kama dhahabu. Mwanga na joto huyachachisha mafuta mazuri. Uliza yamekamuliwa lini. Yanuse kabla hujalipa. Tazama chini ya chupa kama kuna mashapo. Nyumbani yaweke kabatini, yafunike, na usiyakaangie tena na tena mpaka yawe meusi. Na ukimpata muuzaji anayejua mafuta yake yametoka shamba gani na mavuno gani, mwongeze shilingi mbili tatu bila kunung'unika. Shilingi hizo zikirudi kwa yule mzee wa Kahama, atabeba samadi mwaka ujao.

Ndugu wasikilizaji, dhahabu ya Geita itakwisha siku moja, kwa maana jiwe halizai. Alizeti huzaa kila mwaka, mradi mvua inyeshe na udongo ulishwe. Ni ajabu kwamba tumekipa mizani kile kitakachokwisha, na kile kinachozaa tumekiachia meno ya mnunuzi.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa tutakutana tena wiki ijayo. Kwaherini.